Kupima maji ya mwili nyumbani kwa mgonjwa wa dialisisi

Karibuni. Leo tupo nyumbani, hapa Moshi, kwa mgonjwa wa dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zimeshindwa kazi. Andaa mizani, mashine ya presha, daftari na kalamu.

Weka mizani kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia itakudanganya. Asubuhi kabla ya chai, mgonjwa akishatoka chooni, apande bila viatu, na nguo nyepesi zilezile za jana. Najua baridi ya Julai hapa kwetu, lakini sweta, koti na simu mfukoni vinaweza kukaribia kilo nzima, na hapa kilo moja tunaihesabu lita moja ya maji. Andika.

Sasa toa uzito mkavu, yaani ule ambao kliniki wanataka mgonjwa abaki nao akitoka kwenye mashine. Tuseme uzito mkavu ni kilo 62 na leo mizani inasoma 64.5: amebeba kama lita 2.5. Kwa saa 4 za mashine, hayo hutoka bila vurugu. Akifika na 66 ni lita 4, lita nzima kila saa, na hapo ndipo misuli hukaza na presha huporomoka. Kipimo kinachotumika sana ni kutovuka mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Kwa huyu wetu ni kama mililita 800 kwa saa.

Ukishaandika, bonyeza ugoko kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia. Kishimo kikibaki, kuna maji. Kama mgonjwa ni wa kitandani, bonyeza mgongoni, chini karibu na makalio, maana maji hufuata mteremko. Presha usipime mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mgonjwa aunganishwe na mashine.

Shida ya mizani ni kwamba haitofautishi nyama na maji. Mgonjwa asiyekula vizuri hukonda, maji yanajaza pengo, namba inabaki ileile na nyumbani mnafurahi bure. Ukiona hamu ya kula imepotea, mwambie nesi ili uzito mkavu upangwe upya. Baadhi ya vituo vina kifaa kinachokadiria maji ya mwili kwa kupitisha umeme mdogo sana kupitia vibandiko vya mkononi na mguuni, mgonjwa akiwa amelala. Mwenye betri ya moyo aseme kabla ya kubandikwa.

Na tusidanganyane: mtori, uji, supu, barafu na hata mbege vyote ni maji.

Akishindwa kupumua akilala, mpeleke hospitali usiku huohuo, usingoje siku yake ya mashine.