Baka Lisilowasha: Kuisoma Ngozi Kabla ya Kuipaka Dawa

Wazee wangu, mama zangu na vijana mliofika jioni hii hapa Ngamiani, asalaam aleikum, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu.

Nimeombwa nizungumzie vipele na maradhi ya ngozi, namna ya kuyatambua na mahali pa kutibiwa hapa hapa Tanga. Nitaanza na jambo ambalo kazi ya utabibu imenifunza polepole, na gharama yake aliilipa mgonjwa. Sisi huenda kutafuta dawa kwa sababu ya mwasho, na mwasho ukitulia tunaamini kwamba tumepona. Imani hiyo ndiyo inayotuumiza, kwani mwasho ni shahidi tu wa ugonjwa, na yapo maradhi mazito ya ngozi yasiyo na shahidi huyo kabisa.

Vitabu vingi tulivyosomea vinaeleza ngozi nyeupe, ndiyo maana husema kwamba upele ni mwekundu. Katika ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mahali palipoathirika huwa peusi zaidi kuliko pengine, au huelekea zambarau au kijivu. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Msogezeni mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana, mpitisheni kidole juu ya ngozi yake mhisi joto, ukwaruzo au ugumu, kisha mwulize ni nani mwingine nyumbani anayejikuna.

Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua upele wenyewe, ule unaoletwa na kidudu kidogo kinachochimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Huwasha zaidi usiku, na hupenda katikati ya vidole, viganja vinapoungana na mikono, kwapani, kiunoni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hufika hata nyayoni na kichwani. Methali yetu husema kwamba upele humwota asiye na kucha, lakini ukweli ni kwamba humwota yeyote anayelala kitanda kimoja na mwenye nao, na anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne au zaidi kabla ya kuanza kujikuna. Hapo ndipo matibabu ya nyumba nyingi yanapoharibika: mama humpaka dawa mtoto anayejikuna, wenzake wanne wasiojikuna bado huachwa, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi, dawa inalaumiwa. Dawa ya maji meupe kama maziwa, tunayoiita BBE, hupakwa na wote wa nyumba siku moja, kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, nayo hurudiwa kama mtoa huduma atakavyoelekeza; kwa watoto wadogo huzimuliwa kwa kipimo atakachowapa yeye. Mashuka na nguo hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyo hiyo, na kisichofulika hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa siku tatu au zaidi. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vidudu kufa, basi msikimbilie kupaka tena na tena. Usaha ukianza kutoka mahali palipokunwa, msichelewe, kwa kuwa maambukizi hayo huweza kuwadhuru watoto figo.

Sina haja ya kukaa sana kwenye harara za msimu wa kaskazi. Maji baridi, nguo nyepesi za pamba na kuacha kupaka mafuta mazito hutosha.

Choa kinahitaji maneno zaidi. Hujulikana kwa duara lenye ukingo uliotuna na wenye magamba, huku katikati pakionekana kama pamepona. Kwenye mwili hutibiwa kwa dawa ya kupaka ya fangasi kwa wiki kadhaa, hata baada ya duara kufifia. Mapunye ya kichwani kwa watoto ni shauri jingine, kwa sababu fangasi wamo ndani ya shina la nywele ambamo dawa ya kupaka haifiki. Hapo vinatakiwa vidonge vinavyoandikwa na tabibu. Kinachonisikitisha ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila anayejikuna. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza mwasho isiyoua fangasi. Mwasho hukoma siku ya pili, ukingo wa duara hufutika, mnunuzi hufurahi, na fangasi huendelea kutambaa kwenye ngozi iliyonyamazishwa, hata sisi tunaopima tukashindwa kuutambua ugonjwa kwa kuutazama. Kwa majani ya mwarobaini siwagombezi wanaoyaogea, ila msiyaweke kwenye kidonda, wala yasiwe sababu ya kuahirisha kupimwa.

Sasa nifike kwenye baka lisilowasha. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika zahanati moja ya pwani, alinijia mvuvi mwenye baka jeupe kidogo kwenye mkono. Nilimpa dawa ya fangasi. Akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu aliniambia maneno ambayo yangenitosha kama ningekuwa nasikiliza: "Haliniwashi, daktari, wala sikulihisi nilipoungua na sufuria." Nilimpa dawa ileile. Aliporudi miezi mingi baadaye, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, na ndipo nilipochukua kipande cha pamba, nikamwomba afumbe macho, nikagusa ngozi yenye afya akaonyesha, nikagusa baka asionyeshe chochote.

Ulikuwa ukoma, ambao katika mkoa wetu bado upo. Bakteria wake waligunduliwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873; haurithiwi, hauletwi na laana, na watu wengi wana kinga yake ya asili. Tiba ni mchanganyiko wa dawa unaotolewa bure kwa miezi 6 au 12, na anayeanza kumeza huacha kuambukiza wengine mapema. Kile ambacho dawa haiwezi kukifanya ni kuufufua mshipa wa fahamu uliokwisha kufa. Mvuvi yule alimaliza dozi na kupona, lakini kidole hakikunyooka.

Kwa haya yote, anzeni kwenye zahanati ya mtaa au vituo vya afya vya Makorora na Pongwe. Kinachowashinda hupelekwa Hospitali ya Bombo, na kinachoshinda hapo kinaweza kufika hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 1992 pana kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi. Nendeni Bombo moja kwa moja, hata usiku, ikiwa vipele vimekuja na homa kali, au ngozi na midomo inababuka baada ya kumeza dawa, hasa zenye salfa. Malengelenge yenye maumivu yaliyojipanga upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi, yaonwe ndani ya siku tatu.

Pamba ninayo hapa mezani. Mwenye baka asilolielewa, lake au la mwanawe, anifuate chumba cha nyuma, ambako pana pazia na mwanga wa kutosha.