Sungura Anatikisa Kichwa: Usimbandue Ukoko

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo ni masikio ya sungura, na naanza mimi maana hili limeniuma. Jike wangu alikuwa anatikisa kichwa kila saa, anajikuna na mguu wa nyuma mpaka manyoya ya nyuma ya sikio yakaisha, mi nikajua ni vumbi la majani tu.

BARAKA: Ulimchungulia ndani?

ZUHURA: Wiki mbili baadaye ndo nachungulia, nakuta ukoko wa kahawia umejaa, tabaka juu ya tabaka, na harufu juu.

BARAKA: Hao ni utitiri, dada. Hawachimbi ndani ya ngozi, wanakaa juu wanaitoboa na kufyonza majimaji, sasa yale majimaji yakikauka yakachanganyika na uchafu wao ndo unapata huo ukoko.

ZUHURA: Basi nikachukua pamba nikaanza kuubandua. Alilia, Baraka. Sungura kupiga kelele si jambo la kila siku, halafu damu ikaanza kutoka.

BARAKA: Pole sana aisee. Na wengi wanafanya hivyohivyo, wanaona uchafu wanataka kusafisha, kumbe chini ya ukoko pale ni kidonda kibichi. Uache kabisa. Utitiri wakishakufa kwa dawa ukoko unalegea wenyewe unadondoka, siku kumi hivi, wiki mbili, hata hugusi.

ZUHURA: Na mafuta ya kula? Watu wanatia sana.

BARAKA: Matone machache yanalainisha na yanawaziba pumzi, sikatai, ila lazima urudie rudie na ukoko ukiwa mnene hayawafikii wote, na wengine wamo kwenye manyoya nje ya sikio. Ila ukiona kichwa kimepinda upande mmoja au anapepesuka, achana na mafuta, huenda ugonjwa umeshaingia ndani zaidi, kimbia kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

ZUHURA: Wangu daktari alimchoma sindano ya ivamektini, dawa ya kuua utitiri, chini ya ngozi.

BARAKA: Ndo inayotumika sana. Kipimo ni miligramu 0.2 mpaka 0.4 kwa kila kilo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, ile chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye mililita moja, kwa hiyo sungura wa kilo 3 hata kwa kipimo cha juu anapata mililita 0.12 tu. Ni tone! Mtu akikadiria kwa macho anamzidishia. Mpime kwenye mizani kwanza, na daktari akupe kipimo, na kama ni sungura wa nyama muulize usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja.

ZUHURA: Na akarudia baada ya wiki mbili, mi nikashangaa maana alikuwa ameshapona kwa kumwangalia.

BARAKA: Dawa haiui mayai. Yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki tatu, kwa hiyo usiporudia, waliototolewa wanaanza upya. Na unatibu banda zima, hata wale ambao masikio yao safi.

ZUHURA: Dawa ya viroboto ya mbwa je?

BARAKA: Yenye fiproni? Hapana, hapana. Hiyo inaua sungura, usimpake hata kidogo.

ZUHURA: Nimechoma matandiko yote, nikasugua vizimba vikakaa juani.

BARAKA: Vizuri sana, kwenye ubaridi na unyevu wanaishi nje ya sungura mpaka wiki tatu. Na sungura mgeni akija?

ZUHURA: Anakaa peke yake mwezi mzima, na wa zamani wote kila Jumapili nawamulika na tochi, sikio moja moja. Jike wangu ukoko ulidondoka siku ya kumi na moja, chini yake ngozi laini ya pinki, na siku hizi ananiachia nimshike sikio.