Gobore Lako Linapenda Risasi Ipi? Tupime Pamoja

Mwangaluka, wadau! Leo tuko nje ya jiji la Mwanza, ukiifuata barabara ya kwenda Magu, na kazi ni moja: kupima risasi za kuwindia kwenye gobore ili tujue linapenda ipi. Kamera kashika mpwa wangu, kwa hiyo ikitikisika mlaumuni yeye.

Kabla sijafungua begi. Gobore hili ni la kiwandani na lina leseni, mahali hapa tumeruhusiwa kulenga shabaha, na polisi wanajua tupo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani na silaha isiyo na leseni. Tena leseni ya silaha siyo kibali cha kuwinda. Hicho ni habari ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, unakiomba peke yake. Na kama gobore lako limechongwa kijijini kwa bomba la maji, video hii siyo yako. Sisemi kwa dharau. Bomba lile halikutengenezwa kubeba mlipuko, na siku likipasuka litapasukia karibu na shavu lako.

Haya, tuanze na risasi itaishia wapi. Mwanza yetu ni mawe matupu, na wapo wanaodhani jabali ndiyo kinga nzuri. Jabali ndilo baya kuliko vyote: risasi ikiligonga inaruka upande isioutaka wewe. Ziwani nako usithubutu kuelekeza mtutu. Risasi hudunda juu ya maji kama kile kijiwe bapa tulichokuwa tunarusha utotoni, na huko mbele kuna mtu na mtumbwi wake. Sisi tumepata tuta la udongo lililonizidi kimo. Jana nimelichokonoa kwa jembe, nikahakikisha hakuna jiwe ndani. Shabaha yetu ni boksi lenye karatasi nyeupe na duara jeusi la ukubwa wa kisahani cha chai, mita 50 kutoka mezani.

Mnaona bado ni saa moja asubuhi. Siyo ushujaa wa kuamka mapema, ni upepo. Usiku unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka na kutoka ziwani kuja huku. Hapo katikati kunatulia kidogo, na ndiyo saa yetu. Goroli, yaani risasi ya mviringo, haikati upepo vizuri. Ukipima saa nane mchana utalaumu risasi kwa kosa la ziwa.

Sasa, mtutu. Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Ndani ya mtutu huu kuna mifereji inayojipinda ili risasi itoke ikizunguka. Kuna mitutu inayopinda polepole, mzunguko mmoja kwa sentimita 168 hivi, hiyo hupenda goroli. Kuna inayopinda haraka, mzunguko mmoja kwa sentimita 71, hiyo hupenda risasi ndefu. Halafu kuna ya katikati, sentimita 122, inayokula zote mbili ila kwa masharti yake. Kujua wa kwako ni rahisi. Hakikisha gobore ni tupu kabisa. Funga kitambaa kikaze kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, usukume mpaka chini, chora alama ya kalamu juu ya mdeki, kisha uvute polepole huku ukiuacha uzunguke wenyewe. Ukizunguka robo baada ya kuvuta sentimita 30, zidisha kwa nne: una mtutu wa sentimita 120 hivi, kama huu wangu. Na kama haukuzunguka hata kidogo, huenda mtutu ni laini, hauna mifereji. Risasi ndefu kwenye mtutu laini itapinduka hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu.

Nimeleta aina mbili. Hii ni goroli ya milimita 12.4, uzito gramu 11 na nusu hivi. Hii ndefu ina gramu 22. Zote ni za madini laini ya risasi, yale ambayo ukucha unaacha alama. Za kuyeyusha betri ya gari sizitaki: ni ngumu, na moshi wake ni sumu. Hata hizi laini, ukimaliza kuzishika nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Nimezipima moja moja kwa mzani mdogo wa aina ile wanayotumia masonara. Ile nyepesi kuliko wenzake ina kitundu cha hewa ndani, na kitundu kikiwa upande mmoja goroli inayumba. Katika goroli 40 nimetupa sita kwenye kopo la kuyeyushwa upya.

Goroli inavaa kitambaa, ndicho kinachoshika mifereji. Kiwe pamba tupu, kizito. Hapa Usukumani kukosa pamba ni aibu, lakini madukani siku hizi shuka nyingi zimechanganywa na nailoni. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiwa majivu yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba. Ukijikunja ukawa kishanga kigumu, acha, utayeyukia ndani ya mtutu. Kilainisho changu ni nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Grisi ya gari haifai, ikiungana na baruti nyeusi inaacha masizi kama lami. (Kuna aliyeniuliza kuhusu mafuta ya sangara. Ndugu yangu, sangara mimi namla.)

Tunapakia. Baruti ni nyeusi tu, ile ya bunduki za kushindilia. Ya risasi za kisasa ina nguvu nyingine, italipasua gobore. Anza na kipimo cha chini alichoandika mtengenezaji na usivuke kile cha juu. Mimi naanza greni 60, yaani gramu nne hivi, na napima kwa kijiko cha kipimo, kamwe simimini kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Cheche moja ikiwa imebaki chini ya mtutu, chupa inakuwa bomu mkononi. Kitambaa juu ya mdomo, goroli, sukuma kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Ikae kabisa! Ikibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana mdeki wangu una mchoro huu mwekundu: ukizama mpaka hapa, najua goroli imefika. Sukuma kwa nguvu ileile kila mara. Fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, inawekwa mwisho, mtutu ukiwa tayari umeelekea kwenye tuta.

Miwani, viziba masikio. Kitako begani, mkono wa mbele umelala juu ya kiroba cha mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kiroba.

(Mlio.)

Ngojeni moshi upite. Fataki ikilia na bunduki isilie, usigeuke kumwangalia mtu. Shikilia palepale, mtutu kwenye tuta, hesabu dakika mbili nzima.

Baada ya kila mlio napitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, halafu napakia tena. Milio mitano kwa kipimo kimoja, narudia na 65, halafu 70, mwisho 75. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Mwaka wa kwanza nilibadilisha baruti, kitambaa na goroli siku hiyohiyo, kundi la matundu likawa zuri ajabu, na mpaka leo sijui lilitokana na nini.

Mpwa wangu sasa anaokota vitambaa mbele ya meza. Sogeza kamera. Hiki kimeungua katikati: ni chembamba, au kilainisho ni kidogo. Hiki kimechanika kwa mistari: goroli imebana sana au mdomo wa mtutu una makali. Hiki kizima, kina alama za mifereji pande zote kama miale ya jua, ndicho tunachokitaka. Kitambaa kinakwambia ukweli hata kabla hujaenda kwenye karatasi.

Twende kwenye karatasi. Greni 60, matundu matano yametawanyika upana wa kiganja. 65, yamejikusanya kidogo. 70, vidole vitatu vinayafunika yote. 75, yamefunguka tena, basi tunarudi 70. Na risasi ndefu? Kundi lake bora ni kiganja na ushee. Mtutu huu umechagua goroli. Gobore la jirani yangu linaweza kuchagua kinyume, kwa hiyo msichukue namba zangu. Kwenye daftari naandika kipimo, kitambaa, upepo, na saa.

Lakini bado. Makundi haya yamepigwa na mtutu uliokwisha kupata moto na masizi. Porini mnyama hakungoji upige mitano, anapata wa kwanza, mtutu ukiwa baridi na safi. Kwa hiyo siku tatu mfululizo nitakuja hapa kupiga mlio mmoja tu kila asubuhi, kwenye karatasi ileile. Matundu hayo matatu ndiyo yatakayoniambia nilenge wapi, na nisogee karibu kiasi gani.

Sasa kuosha, na hakuna kesho. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na hewa ya ziwa unaijua. Maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, paka mafuta. Asubuhi pitisha kingine kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, kutu imeingia, rudia.

Maji yamechemka, anko. Zima kamera uje unishikie mtutu.