Kisima Kikivuja Baharini, Kwanza Niambie Mapipa Mangapi

Asanteni, kaeni hapo hapo mlipo sitawachosha. Watu wakisikia mafuta yanavuja baharini wanawaza ufukwe mweusi na ndege waliolowa mafuta, sawa, lakini leo tushuke chini kwenye mdomo wa kisima, maana huku juu utasafisha mpaka uzeeke kama kule chini bado kinatema.

Swali la kwanza ni yanatoka mapipa mangapi kwa siku. Chukueni kisima cha Macondo cha kampuni ya mafuta ya BP, Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010 mtambo uliokuwa unakichimba, Deepwater Horizon, ukalipuka, watu 11 wakafa, na ile valvu kubwa ya dharura iliyokaa juu ya kisima ikagoma kufunga. Mwanzoni watu wakaambiwa ni mapipa 1,000 kwa siku, halafu 5,000. Wataalamu wa serikali walipokuja kupiga hesabu sawasawa wakakuta yalikuwa zaidi ya 50,000!

Msiseme hizo namba ni makaratasi tu, mbinu ya kuziba inategemea nguvu ya kisima. Mwezi wa tano wakashusha kuba la chuma kuyafunika mafuta yanapotoka, sasa pale kina ni kama mita 1,500, baridi kali na presha kubwa, gesi ikakutana na maji ikaganda kama barafu ikaliziba, kazi ikaishia hapo. Wakaja na matope mazito ya kuchimbia, wakayasukuma ndani kwa presha ili yayazidi mafuta nguvu, ikashindikana, kwa kisima kinachotoa kiasi kile we ulitegemea nini? Mwaka 2012 BP yenyewe ikakubali kukiri makosa ya jinai, na mojawapo lilikuwa kulificha bunge la Marekani ukweli wa hizo hizo namba.

Kifuniko kilichokubali kilifunga tarehe 15 Julai, siku ya 87. Ila kukiua kabisa kulitaka kisima cha pembeni, kile unachimba kwa kukata kona mpaka ukigonge cha kwanza huko chini kabisa ukimwagie saruji, na hiyo ikaisha Septemba. Hicho kianze mapema jamani, usingoje mbinu nyingine zife kwanza, kule kisima cha Montara kilipovuja, Bahari ya Timor kaskazini mwa Australia, 2009, walikigonga jaribio la tano.

Siku hizi vifuniko vipo tayari stoo, Norway, Singapore, Brazili, Afrika Kusini. Kwa hiyo kampuni ikikuletea mpango wa dharura ruka zile picha nzuri, uliza namba ya mapipa nani kaipiga, meli ya kubeba kifuniko iko wapi, na mtambo wa kuchimba kisima cha pembeni unatoka kwa nani. Haya, maswali, nianze na dada pale nyuma.