Gavana na Kura ya Saba: Serikali za Majimbo katika Michezo ya Vyuo Marekani

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kunipa nafasi.

Wengi hapa mnamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa NBA wa 2009. Alitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Miaka michache kabla hajafika pale, mwanasheria mkuu wa jimbo hilo alikuwa mahakamani, na hakuwa akigombea ardhi wala kodi. Aligombea chuo kile kicheze na akina nani.

Vyuo vya Marekani hucheza katika makundi yanayoitwa konferensi. Ni vyama binafsi, vyenye katiba na kamishna wake, na vinauza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wote. Marekani haina wizara ya michezo, kwa hiyo kwa sheria hakuna waziri wa kuwaambia lolote. Ila wanachama wengi ni vyuo vya umma. Mali yao ni ya jimbo, na wajumbe wa mabaraza yao mara nyingi huteuliwa na gavana. Serikali huingilia hapo.

Kuna hukumu moja ya kuijua. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliiondolea NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kuamua mechi zipi za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe kwenye televisheni. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alicheza mchezo huo huo kwa kulipwa. Tangu siku ile konferensi zikawa wachuuzi wa matangazo, na kubaki nje ya konferensi tajiri kukawa hasara ya mamilioni.

Sasa tuje Virginia, mwaka 2003, maana hapa ndipo siasa ilipofanya kazi waziwazi kuliko kwingine kote. Konferensi ya ACC ilikuwa na wanachama 9 na ilitaka kuchukua Miami, Syracuse na Boston College kutoka konferensi nyingine, Big East. Virginia Tech, chuo cha umma kilichokuwa Big East pia, hakikuwamo kwenye orodha. Ili mgeni aingie zilihitajika kura 7. Duke na North Carolina walishakataa. Fanyeni hesabu: zimebaki kura 7 kamili, na mmoja tu akigoma, mpango umekufa. Mmoja wa hao saba alikuwa Chuo Kikuu cha Virginia, ndugu wa jimbo moja na Virginia Tech.

Gavana Mark Warner hakuhitaji sheria mpya. Alimbana rais wa Chuo Kikuu cha Virginia, John Casteen, na msimamo ukawa kwamba hakuna kura ya ndiyo kama Virginia Tech hawamo. Mwezi Juni ACC ikawaalika Miami na Virginia Tech. Syracuse, waliokuwa wameshakaguliwa, wakaachwa. Boston College wakachukuliwa miezi michache baadaye.

Kichekesho ni kwamba Virginia Tech alikuwa miongoni mwa vyuo vya Big East vilivyoishtaki ACC, bega kwa bega na Connecticut, wakidai kwamba Big East inabomolewa. Mwaliko ulipofika, akajitoa kwenye kesi na kuhamia kwa washtakiwa. Connecticut wakaendelea, wakiongozwa na mwanasheria mkuu wao, Richard Blumenthal, na mwishowe kesi ikamalizwa kwa maelewano. Leo Warner na Blumenthal wote ni maseneta huko Washington, tena wa chama kimoja.

Mtaniambia gavana alitetea mali ya umma. Kwa Virginia nakubali. Lakini tazameni Texas mwaka 1994, konferensi ya Southwest ilipokuwa inakufa. Texas na Texas A&M walikuwa wanahamia kwenye konferensi iliyokuja kuitwa Big 12, na wanasiasa wakashikilia kwamba Texas Tech na Baylor waende nao. Anayetajwa zaidi ni naibu gavana Bob Bullock, aliyesoma Texas Tech kisha sheria Baylor. Gavana mwenyewe, Ann Richards, alikuwa mhitimu wa Baylor. Baylor ni chuo binafsi cha Wabaptisti! Houston, chuo cha umma, kiliachwa nje, kikaingia Big 12 mwaka 2023 tu. Mali ya umma ilikwenda wapi hapo? Kilichohesabiwa ni nani alisoma wapi.

California walifuata njia nyingine, na mimi naiona ni afadhali. Vyuo vikuu vya umma vya UCLA na Berkeley ni watoto wa baba mmoja, chini ya baraza moja ambalo gavana ni mjumbe wake. UCLA walipotangaza mwaka 2022 kwamba wanakwenda konferensi ya Big Ten, wakimwacha Berkeley katika konferensi yao ya Pac-12, Gavana Gavin Newsom alikasirika hadharani. Desemba baraza likapiga kura 11 kwa 5: nendeni, lakini mtamlipa ndugu yenu mnayemwacha. Baadaye kiasi kikapangwa kuwa dola milioni 10 kwa mwaka. Baraza liliamua kikaoni, kwa kura zinazohesabika, na gharama ikaandikwa. Kasoro yake ni kuchelewa, maana UCLA walishatoa ahadi. Berkeley nao wakaishia ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki, wakati wao wako Pasifiki.

Jimbo la Washington, Agosti 2023, halikufanya hata hilo. Chuo Kikuu cha Washington kiliondoka Pac-12, na Washington State, pale alipokuwa akisoma mwanariadha wa Kenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, kikabaki na Oregon State peke yao. Si gavana wala bunge la jimbo aliyezuia. Vyuo hivyo viwili vilikwenda mahakamani, na mwezi Novemba jaji wa kaunti akawapa udhibiti wa bodi ya konferensi na fedha zake.

Na wakazitumia vipi fedha hizo? Mwaka 2024 walikwenda konferensi jirani ya Mountain West, wakawavuta Boise State, San Diego State na wengine wajiunge nao kuanzia 2026, halafu wakaishtaki Mountain West ili wasilipe faini ya kuwachukua.

Karibuni kwa maswali.