Kubadilisha Triga na Sili ya Vali kwenye Tippmann 98 Custom

Karibu, ndugu mtazamaji. Bunduki unayoiona mezani ni Tippmann 98 Custom ya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi; risasi zake zina kipenyo cha inchi 0.68. Tutaitoa triga yake ya kidole kimoja na kuweka ya vidole viwili, na kwa kuwa bodi, yaani mwili wa bunduki, itakuwa imeshafunguliwa, tutabadilisha pia sili ya vali, kizibo kinachozuia gesi isivuje. Triga pana haiongezi kasi ya risasi; inakuwezesha tu kupokezana kidole cha shahada na cha kati ili ufyatue mfululizo bila kuchoka. Nguvu iliyo sawa kila unapofyatua hutoka kwenye vali, na ndiyo maana sipendi kuifanya kazi ya kwanza nikaiacha ya pili.

Kabla ya kushika bisibisi, vaa miwani ya kinga. Ondoa kikombe cha risasi, hakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, kisha elekeza mtutu mahali salama. Legeza mtungi wa gesi kwa robo tatu ya mzunguko, ufyatue mpaka gesi iliyobaki iishe kabisa, ndipo umalizie kuufungua. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka, kwa sababu gesi iliyonaswa kwenye vali inatosha kumjeruhi mtu. Hakikisha pia kwamba nyundo, kipande kinachogonga vali ili itoe gesi, haijakokiwa, yaani haijavutwa nyuma na kunaswa, maana springi iliyobanwa huruka mara tu bodi inapoachana.

Tandika kitambaa cheupe, ulaze bunduki ubavu, ufungue bolti kwa spana za alenki na kuzipanga kwa mfuatano uleule zilivyotoka, kwa kuwa urefu wake haufanani. Inua nusu ya juu polepole, ikiwa sambamba na meza. Sasa, kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Picha hiyo itakuokoa baadaye utakapokuwa na springi ndogo mkononi usijue ilikaa upande gani.

Toa triga ya zamani pamoja na kinga yake, kwa sababu triga ya vidole viwili huja na kinga iliyo pana zaidi. Nyuma ya triga kuna kipande cha chuma kinachoinasa nyundo. Mafundi wengine hukipiga tupa ili triga iwe nyepesi. Tafadhali usifanye hivyo. Ncha yake ikishalika, nyundo inaweza kuchomoka yenyewe, na bunduki ikalia bila kidole kuigusa. Weka triga mpya kwenye pini yake, rudisha springi, kisha uivute mara kadhaa uone kama inarudi bila kukwama.

Tukija kwenye vali, chomoa springi yake na sili yenye umbo la kikombe. Itazame hii ya zamani karibu na taa: uso wake una alama ya duara pale unapokaa kwenye chuma, hiyo ni kawaida, lakini hapa pembeni pana mkwaruzo mwembamba kama unywele, na mkwaruzo huo pekee unatosha kuvujisha gesi kupitia mtutu. Futa kikalio cha vali, pale sili inapokaa, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ingiza sili mpya, kisha badilisha oringi (pete ya mpira) ya nyundo ikiwa imekauka au ina nyufa. Tumia matone machache ya mafuta ya peintiboli, wala usipulizie mafuta ya kopo, kwa sababu huharibu oringi.

Funga bodi na ukaze bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kwani nyuzi za mashimo yake zimechongwa kwenye aluminiamu na huliwa upesi. Bila gesi, ikoki kwa mkono, funga kizuizi cha usalama na uvute triga: nyundo isiondoke. Fungua kizuizi, kisha gonga bodi kwa kiganja: bado isiondoke. Ikiondoka, ifungue tena.

Funika mtutu, iache ikiwa imekokiwa na kizuizi kimefungwa, ndipo ufunge mtungi polepole. Bunduki isiyokokiwa inaweza kuvuja kwa sababu nyundo inaisukuma pini ya vali. Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea shingoni mwa mtungi, oringi ya mtungi ndiyo mbovu. Gesi ikitoka mtutuni, rudi kwenye sili.

Mwisho, nenda kwenye kipima kasi. Viwanja vingi haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, na vingine hutaka 280. Zungusha skrubu ya kasi iliyo ubavuni robo mzunguko kwa wakati mmoja: kuelekea kulia hupunguza, kushoto huongeza. Fyatua risasi 10, soma kila namba, na usiingie uwanjani mpaka hata iliyo kubwa kuliko zote iwe chini ya kikomo.