Usiguse, Ondoka, Sema: Mtoto Anapokutana na Silaha

Mhadhara uliotolewa mjini Lamu kwa wazazi na walimu wa shule za msingi, baada ya sala ya Alasiri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, walimu wenzangu, kina mama mliofunga biashara mapema mkaja, ahsanteni sana.

Nianze na lile linalowatia wengi wasiwasi, maana barazani limeshazungumzwa: eti mwalimu anataka kuwafundisha watoto wetu bunduki. Hapana, ndugu zangu. Katika somo ninalolieleza leo hakuna bunduki ya kweli inayoingia darasani. Hakuna risasi, hakuna kulenga, hakuna kufyatua. Tunamfundisha mtoto wa miaka sita, saba au minane afanye nini akikutana na silaha na mtu mzima hayupo karibu. Ni hilo tu.

Je, atakutana nayo? Sisi ni watu wa Lamu, hatuhitaji kuambiwa. Tangu Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, watoto wa kaunti hii wamekua wakiziona silaha. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni, ya vikosi vya usalama kuwasaka Al-Shabaab katika msitu wa Boni. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa walimu walipokimbia kwa kuhofia maisha yao. Mtoto wa vijiji vyetu vya bara, kama Hindi, Witu, Pandanguo au Kiunga, hupita mbele ya mtu mwenye bunduki akienda shule. Askari wa akiba wako vijijini, wana bunduki za serikali, na wana watoto nyumbani kama sisi. Sisi wa kisiwani tuna afueni kidogo, lakini watoto wetu wana shangazi Hindi na babu Witu, na wakati wa likizo hawakai mtaani Langoni wakihesabu punda.

Kwa hiyo kunyamaza hakumlindi mtoto. Nasema hivi kwa heshima kwa wale wanaoamini kwamba jambo baya lisipotajwa halimfikii.

Tuwatazame kidogo waliotutangulia. Marekani, kwa makadirio ya mwaka 2018 ya Small Arms Survey, shirika linalochunguza silaha ndogo duniani, raia wana bunduki takriban milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Kwa Kenya makadirio hayo yalikuwa 750,000, za halali na zisizo halali. Hatulingani nao hata kidogo, na Mungu atuepushe tusilingane nao. Lakini kwa sababu ya msiba wao wamejaribu mambo mengi ya kuwafundisha watoto, na wakayapima. Mwaka 1988 chama chao kikubwa cha wenye bunduki, NRA, kilianzisha mafunzo ya watoto kwa kutumia katuni ya tai aitwaye Eddie Eagle. Mtoto alikaririshwa: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee likapitisha sheria ya kuyafanya mafunzo ya namna hii kuwa ya lazima shuleni kila mwaka, na sheria hiyo hiyo ikakataza silaha za kweli na risasi darasani.

Maneno ya yule tai ni mazuri. Sina ugomvi nayo, na hata mimi nayatumia. Tabu iko kwingine.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la huko lilichapisha utafiti ambao nawaomba kila mzazi aujue. Waliwachukua wavulana 64 wa miaka minane hadi kumi na miwili, wakawagawa katika makundi madogo 29, ya wawili wawili au watatu watatu. Kila kundi liliachwa peke yake katika chumba chenye kioo ambacho watafiti wangeweza kuwatazama kwa upande wa pili. Katika droo moja ya meza waliweka bastola mbili za maji. Katika nyingine waliweka bastola ya kweli isiyo na risasi. Hawakuwaambia lolote. Makundi 21 yaliipata ile ya kweli. Kati ya hayo, 16 yaliishika. Katika makundi 10 mmoja wao alibonyeza kifyatulio. Na walipoulizwa baadaye, zaidi ya asilimia 90 ya wale walioishika au kubonyeza walisema walikwisha kufundishwa usalama wa bunduki.

Walikuwa wamefundishwa, na mkono ukaenda.

Hili mimi nimeliona kwa macho yangu, hapa hapa, bila kuhitaji kioo. Katika darasa la gredi ya pili niliwaimbisha: "Usiguse! Ondoka! Sema!" Waliimba mpaka madirisha yakatetemeka. Kipindi kilipokwisha nikaacha juu ya benchi la ukumbini bastola ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, seremala wetu wa Matondoni aliichonga vizuri mno. Mtoto wa kwanza kutoka ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote. Alisimama. Akaitazama. Akatazama nyuma kama kuna mtu. Kisha akaichukua kwa mikono miwili, taratibu, akaigeuza aangalie ndani ya tundu la mtutu. Midomo yake ilikuwa bado inatamka ule wimbo.

Sikumgombeza. Hakuna mtoto mbaya hapo. Mtoto wa umri huo anajua kwa mikono. Kitu kipya akikiona, mkono ndio unaouliza. Kama tunataka mkono ujibu vingine, basi ni mkono tuufundishe, si ulimi peke yake.

Na hivyo ndivyo utafiti unavyosema. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani waliulinganisha mpango wa Eddie Eagle na njia ya mazoezi ya vitendo. Kwa kukariri, watoto wa pande zote mbili walifaulu. Lakini kutenda, hasa mtoto akiwa peke yake na hajui kwamba anatazamwa, kulikuwa jambo lingine kabisa. Kilichosaidia zaidi ni hiki: mtoto anakutana na silaha ya mfano mahali asipoitarajia, akikosea mwalimu anaingia pale pale, hamchapi wala hamfedheheshi, anamrudisha mlangoni na kumwambia, "Haya, fanya tena." Tena. Na tena. Mpaka miguu ianze kuondoka kabla ya akili kumaliza kufikiri.

Nisiseme kwamba maneno hayana kazi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mwingine, watoto 226 wa miaka minane hadi kumi na miwili. Nusu yao walionyeshwa video ya dakika moja tu ya usalama wa bunduki, na baada ya wiki wakakutana na bastola zilizolemazwa ndani ya kabati. Walioiona video walikwenda kumwambia mtu mzima kwa asilimia 34 hivi. Wale wengine hawakufika hata 11. Dakika moja imefanya hayo! Lakini hesabu ina upande wa pili: kati ya walioiona, asilimia 39 waligusa. Kwa hiyo anayesema mafundisho hayafai amekosea, na anayesema mafundisho yanatosha amekosea zaidi.

Kipindi chetu cha madarasa ya chini ni dakika 30. Sitaki zaidi ya dakika tano za maneno. Zinazobaki ni za mazoezi: nyuma ya mlango, chini ya mkeka, kandokando ya uwanja, ndani ya mfuko wa kiondo. Na nina ombi moja kwa wenye shule: somo hili asilifundishe mtu aliyevaa sare na kubeba bunduki. Najua nia ni njema. Lakini darasa zima litatazama bunduki, na swali la kwanza litakuwa "naweza kuishika?"

Sasa nije kwenye neno la tatu, "sema." Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo sisi tunapoanguka, na hapa hakuna utafiti wa Marekani utakaotusaidia.

Baada ya mazoezi katika shule moja ya bara, msichana mdogo aliinua mkono. Akauliza, "Mwalimu, na nikimwambia baba, hatanipiga?" Kabla sijajibu, mvulana wa nyuma akasema mama yake alimwambia akiona kitu msituni anyamaze, kwa sababu wakisema wataulizwa walikipata wapi.

Jamani. Mtoto ameona silaha, hakuigusa, ameondoka, amefanya kila tulichomfundisha, halafu anameza maneno kwa sababu anatuogopa sisi. Na sisi tunaogopa kwa sababu tunazo sababu, silaumu mzazi. Katika kaunti hii watu wameulizwa maswali mazito kwa makosa wasiyoyafanya. Lakini silaha iliyonyamaziwa haiondoki. Kesho ataipata mdogo wake.

Kwa hiyo tunahitaji mapatano, na nayaomba hapa mbele ya wazee. Mtoto akija na habari hiyo, neno la kwanza kutoka kinywani mwa mzazi liwe: "Umefanya vyema kuniambia." Lisiwe "ulikwenda kufanya nini huko?" Hata kama alitoroka chuo cha Kurani, hata kama alikwenda kuogelea bila ruhusa. Hilo mtalizungumza siku nyingine. Pili, mtoto asirudishwe pale kuonyesha. Aeleze kwa alama, mbuyu gani, kisima gani, njia ipi. Tatu, mzazi asiende kuichukua yeye mwenyewe, ampelekee habari mzee wa mtaa au chifu, na taarifa iende kwa jina la mtu mzima. Na kwa wakuu wa usalama walioko hapa, nawashukuru kwa kuja, na nawaomba kwa unyenyekevu: mtoto aliyeleta habari msimchukue kama mtuhumiwa. Mkimtisha mmoja, mmewanyamazisha watoto wa kijiji kizima. Mtoto asiye na mtu wa kumwambia, ajue namba 116, simu ya watoto, hailipishwi.

Kuhusu mabomu na makombora nitasema kwa ufupi, maana linahitaji siku yake. Kombora la mota, yaani la mzinga mdogo, lina mapezi nyuma kama samaki, na mtoto wa mvuvi atalipenda kwa umbo lake. Guruneti yenye kutu si kwamba imekufa; kutu huweza kuifanya iwe hatari zaidi. Huko Samburu na Laikipia, watoto wachungaji waliuawa na kulemazwa na vitu vilivyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa fidia. Kanuni ni ile ile, ila hapa ongeza moja: usirushe jiwe.

Na sanamu za bunduki za sikukuu ya Idd? Naulizwa kila mara. Sisemi zipigwe marufuku. Lakini katika ule utafiti wa wavulana, karibu nusu ya walioipata bastola ya kweli walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Nunua yenye rangi ya manjano au kijani, usimnunulie nyeusi inayofanana na ya askari. Na kanuni ya mtoto iwe: kama sikupewa na mzazi wangu, ni ya kweli.

Mwisho, kwa baba au kaka mwenye silaha nyumbani, kwa kazi au kwa kibali. Watoto wakifundishwa vizuri mno, bado baadhi watagusa, hesabu nimewapa. Kwa hiyo mzigo ni wako. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uihifadhi mahali salama. Juu ya kabati si salama, chini ya godoro si salama, mtoto anajua kila pembe ya nyumba yako kuliko unavyodhani. Itoe risasi, ifunge kwa kufuli, risasi zifunge mahali pengine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliona kwamba kila moja ya hatua hizo, hata peke yake, hupunguza majeruhi na vifo vya watoto. Na kutoa magazini, yaani kikasha cha risasi, si kutoa risasi zote: moja huweza kubaki tayari ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Hiyo moja ndiyo inayoua watoto katika nyumba ambazo mwenye bunduki ameapa kuwa haina kitu.

Walimu wanaotaka kulijaribu somo hili katika muhula huu, tafadhali mbaki baada ya Maghribi. Seremala ametupa sanamu tatu za mbao na guruneti moja, na tutafanya mazoezi sisi wenyewe kwanza, kuanzia mlango ule pale.